Masikio ya Kamanda

Saa kumi alfajiri. Budapest inakoroma,
tramu ya kwanza inasaga reli upande wa Pest,
nami nafungua sanduku: gundi, brashi, spiriti,
na masikio mawili ya mpira, ya kijani,
yamechongoka kama pilipili ndefu za sokoni.

Sehemu ya Sita, jamani.
Ya Kwanza tuliipiga kwa chombo cha angani cha mbao
kilichovishwa karatasi za kufungia chokoleti;
nyota tulizitoboa kwa msumari kwenye shuka jeusi,
tukawasha taa za Lada nyuma yake.
Ildikó Szalontay, miaka thelathini na minne,
alikuja kwa sababu tulilipa kila Ijumaa.
Masikio haya, alisema, yatanitoka wiki ijayo.

Hayakumtoka.
Ya Pili, Kamanda akafa. Mwanangu Zalán akagoma kula siku mbili,
ingawa Kamanda mwenyewe alikunywa supu kwetu Jumapili.
Ya Tatu akarudi: pacha, waandishi walidai,
aliyesahauliwa kwenye barafu ya Zohali.
Tulicheka mpaka gundi ikakauka kwenye brashi,
kisha tukapanga foleni, kama kila mtu, kumwona pacha.

Wajuzi husema filamu ya mwendelezo
ni maharage ya jana yaliyopashwa moto.
Waseme. Mimi nayapenda maharage ya jana:
chumvi imeshaingia.
Napenda kuketi ukumbini nikijua mlango upi unakwama,
roboti gani mwongo, nani anamdai nani,
nione uso ule ule ninaoupaka rangi
ulivyoongeza mkunjo mmoja ambao sikuuchora mimi.

Sasa ana sabini na moja.
Leo kuna kijana, Bence, mwenye mistari miwili tu, amenuna.
Ildikó hamgeukii kwanza. Ameshika penseli,
anakata hotuba yake: ukurasa mzima
wa kuagana na galaksi. Anabakiza neno moja,
"Nimechelewa."
Mwongozaji anakataa. Anaona anavyolisema. Ananyamaza.
Mwaka wa sabini na tisa, Ildikó anamwambia Bence,
nilipewa "Milango imefungwa," jukwaani Szeged, usiku arobaini.
Usiku wa thelathini na nane ndipo nilipogundua
kwamba yule mwanamke ndiye aliyeifunga.

Ng'ombe hazeeki maini, ndiyo,
lakini magoti huzeeka, na masikio.
Hili hajui mtu mwingine: sikio la kushoto, lake la nyama,
limezimika tangu mlipuko wa Sehemu ya Nne,
baruti iliyozidi kijiko kimoja.
Hakushtaki, hakusema. Kimya kile sikukipenda
na sikipendi hata leo.
Akaanza kuinamisha kichwa kidogo, hivi,
kulielekeza la kulia kwa anayezungumza,
macho yakiwa kwenye midomo.
Magazeti yakaandika: utulivu wa Kamanda,
namna anavyousikiliza ulimwengu.

Usiku namvua mpira polepole, kwa pamba.
Ngozi imekuwa nyekundu. Anauliza kama Ya Saba ipo.
Nazunguka kiti, nasimama kuliani kwake,
nasema: sijui.

Jumamosi iliyopita, Miskolc, walikuwa wakirudia Ya Tano.
Kwenye foleni ya tikiti, msichana wa miaka saba hivi
alikuwa akibishana na baba yake kuhusu bisi,
sauti juu, mguu unapiga sakafu.
Baba akaanza kueleza bei.
Mtoto akainamisha kichwa kidogo, hivi,
akamsikiliza mpaka mwisho.